Nyonga za Mbwa na Tabibu Nguchiro

"Paukwa!"
"Pakawa!"
"Pakawa na mwendo!"
"Mwendo gani?"
"Wa mbwa asiyeweza kwenda. Sogeeni."

Alikuwako Mbwa aliyezaliwa na nyonga zilizolegea. Mfupa wa paja haukukaa vizuri kwenye tundu lake. Alipokuwa mdogo alikimbia akirusha miguu ya nyuma yote kwa pamoja, na nduguze wakacheka. Alipokua, hakuna aliyecheka. Akiinuka, ko-ko! Akikaa, ko-ko! Nduguze walikwenda kuwinda, yeye akabaki. Mama yake akamletea nyama, akala, akalala, akanenepa. Na uzito ule ukazidi kuzitesa nyonga.

Jirani yake alikuwa Nguchiro, mganga aliyejipa uganga mwenyewe.

"Unene ndio unaokuumiza," alisema Nguchiro. "Nusu ya nyama yako nipe mimi."

"Nawe hunenepi?"

"Mimi naumia kwa ajili yako."

Akala nusu. Lakini pia alimpeleka mtoni kuogelea penye maji matulivu, na kila mchana akamfukia nyonga kwa mchanga uliopigwa jua. Mbwa akapungua. Maumivu nayo yakapungua, ila hayakwisha. Kulipopambazuka na baridi, bado aliinuka kwa kulia. Ko-ko!

Sauti ile ikamfikia Fisi. Akaja, kwata, kwata, kwata, nduguze Mbwa wakiwa mbali mawindoni.

"Pole, mgonjwa. Nimekuja kukutibu. Mguu mbovu dawa yake ni kutolewa. Leo nitatoa mmoja, kesho wa pili."

"Na keshokutwa?"

"Keshokutwa tutasikia kichwa kinasemaje."

Mbwa akajaribu kuinuka. Ko-ko! Akaanguka. Akafumba macho, akawaza: labda ni afadhali iwe hivi, nipumzike.

"Shikamoo, Bwana Fisi!" Nguchiro huyo, katokea majanini.

"Marahaba. Pita zako."

"Napita. Ila huyu usimle, ugonjwa wake huambukiza kwa meno. Lakini, mh! Naona wewe tayari unao."

"Mimi? Mimi mzima!"

"Mzima? Hebu tazama nyuma yako."

Fisi akageuza shingo. Mabega juu, matako chini.

"Mgongo wako umeteremka hivyo tangu lini?"

"Tangu... tangu nizaliwe!"

"Huyu naye wake ulimwanza tangu azaliwe. Tembea nikusikilize."

Fisi akatembea. Nguchiro akamfuata nyuma, konokono mdomoni, akalivunja gamba kwa meno. Ko-ko!

"Mama yangu! Ni mimi huyo?"

"Tembea tena."

Ko-ko!

"Nitibu, tabibu! Nitibu!"

"Dawa ni kuogelea. Huyu huogelea penye maji matulivu, lakini wewe umezidiwa. Kwako ni pale maji yanapozunguka."

Fisi hakuuliza tena, akakimbilia mtoni, hapo chini tu. Chubwi! Maji yakamzungusha, yakamvuta.

"Tabibuuu! Napona?"

"Unapona, Bwana Fisi! Unapona!"

Yakamfunika.

Mbwa hakucheka. Alikuwa akilitazama lile gamba lililovunjika.

"Nguchiro. Na yangu? Sauti ya nyonga zangu nayo ulikuwa unaifanya wewe?"

Nguchiro akatema vipande vya gamba. Kwa mara ya kwanza hakuwa na uongo wa kusema.

"Hapana, ndugu yangu. Yako ni yako."

Mbwa akalaza kichwa chini. Nguchiro akamlalia nyongani ampashe joto, wakakaa hivyo mpaka mama yake Mbwa aliporudi na nyama. Mbwa aliishi, tena miaka. Siku njema aliogelea. Siku mbaya hakuinuka kabisa, akawasikiliza nduguze wakibweka mbali bondeni. Hakupona.

Na fundisho, wanangu: tabibu hasemi uongo hata siku moja. Kila anachowaambia, kifanyeni upesi, msiulize.

Ngano yangu imelala hapo. Atakayeiamsha, aibembeleze mwenyewe.