Vikombe Viwili kwa Watu Watatu

Hapo zamani, na zamani hiyo haijaota nyasi bado, mwanamke aitwaye Skolastika alimenya yai la kuchemsha, akalinyunyizia chumvi, akampa binti yake Redempta nusu. Nusu nyingine akala yeye. Hilo ndilo jambo la mwisho la kawaida lililotokea siku ile.

Walikuwa watu watano katika gari moja: Skolastika, mumewe Melkiades, mtoto wao Redempta, Pontian mdogo wake Skolastika, na Gaudensia mdogo wake Melkiades. Walitoka Sumbawanga kuzitembelea hifadhi za magharibi, Katavi kwanza, kisha Mahale, na Burigi mwisho. Mchana ule, Katavi, walitandika mkeka mahali wageni wanaporuhusiwa kushuka, kando ya mto uliokauka hadi viboko wakabaki wamebanana kwenye tope. Melkiades alifunga milango ya gari kwa sababu ya nyani, ambao huiba chakula.

Sasa sikilizeni. Pontian na Melkiades ni mashemeji, na shemeji ni mtani. Mtani akikufichia kitu hukasiriki, unakikomboa. Pontian alichomoa ufunguo katika mfuko wa koti la shemeji yake, akampitishia Gaudensia, naye Gaudensia akauficha kwenye kapu la mikate. Kisha Pontian akadai fidia yake: Melkiades apige magoti, akiri kwamba wanaume hodari wanatoka ukweni.

"Magoti yangu hupigwa kanisani tu," akasema Melkiades.

"Basi utalala hapa na viboko, shemeji. Nao ni wakwe zako. Huoni tunavyofanana?"

Wakacheka wote. Skolastika akamwambia mumewe akiri yaishe, safari bado ndefu. Melkiades hakukiri; utani ulikuwa mtamu. Akamgeukia dada yake, akamwuliza ufunguo uko wapi. Gaudensia akatazama miti.

Kiboko dume aliyefukuzwa na wenzake alikuwa amelala vichakani nyuma yao. Hakunguruma. Walipomwona, alikuwa tayari anakimbia. Wakakimbilia gari, na gari lilikuwa limefungwa. Kapu lilibaki mkekani, na kiboko alikuwa kati yao na mkeka. Skolastika alimwinua mtoto kwa mikono miwili, akamweka juu ya paa la gari. Wengine watatu walizunguka upande wa pili. Yeye hakuwahi.

Kiboko alipita, akashuka mtoni, wala hakugeuka. Melkiades alikuwa bado anasema, "Zunguka, mama Redempta, zunguka," na aliyekuwa akiambiwa hakuwa anasikia tena.

Walimzika Mpanda, nyumbani kwa mama yake, Valeriana. Watu walishangaa kwamba hao watatu hawakulia. Pontian aliulizwa na jirani kama amekula, akajibu kwamba ni saa nane. Gaudensia aliukunja mkeka, akaukunjua, akaukunja tena. Melkiades alimshukuru kila mtu aliyekuja, kwa jina, kwa sauti ile ile, hata waliokuja mara ya pili. Mzee mmoja alianza kusema kwamba marehemu mwenyewe angeweza kuzunguka na mtoto begani. Hakuimaliza sentensi yake.

Matanga yalipoanuliwa, Valeriana aliwaita ndani. Alikuwa amempakata Redempta. Alisema ameshasikia yote, hahitaji kusimuliwa.

"Kuwachukia watatu siwezi," akasema. "Nyumba itabaki tupu. Kutomchukia mtu nako siwezi. Mtoto huyu nitamlea hapa. Mmoja wenu asikanyage tena kwangu. Semeni ni nani."

Pontian akasema: "Ni mimi, mama. Ufunguo niliuchukua mimi. Nisingeuchukua, mlango ungefunguka."

Valeriana akamtazama. "Wewe ndiye mtoto niliyebaki naye."

Gaudensia akasema: "Ni mimi, mama. Pontian aliuchukua, lakini hakujua nilipouweka. Kaka aliponiuliza, nilitazama miti. Ningesema neno moja, mlango ungefunguka."

"Wewe ndiye unayemlisha Redempta. Kwa mkono wa mwingine hali chakula."

Melkiades alikawia. Alikuwa kama mtu anayehakikisha jawabu la hesabu kabla ya kulitoa.

"Ni mimi, mama. Wao waliuficha ufunguo, lakini walinionyesha namna ya kuukomboa. Mke wangu naye aliniambia nikiri. Ningepiga magoti, mlango ungefunguka."

"Wewe ni baba yake mtoto," akasema Valeriana.

Basi akawaza, kisha akasema: "Kila mmoja ameshika kosa lake kama mali, hataki kumwachia mwenzake. Asubuhi nitapika uji, nitauweka katika vikombe viwili. Baba Redempta, wewe utagawa. Atakayekosa aondoke, na asirudi."

Pontian alitaka kubisha. Mama yake akamwambia hajamwuliza.

Asubuhi uji wa ulezi ukaletwa, vikombe viwili kwenye sinia. Melkiades alichukua cha kwanza, akampa Pontian kwa mikono miwili, kama apewavyo mtu wa ukweni. Akachukua cha pili, akampa dada yake. Wote wawili walivipokea. Hakuna aliyekunywa.

Redempta akauliza cha baba kiko wapi. Melkiades akainama, akamfunga vifungo vya sweta, kimoja kimoja, hadi cha shingoni. Akatoka. Valeriana hakumzuia, wala hakumwita. Mtoto akaanza kulia kwa nguvu, akijinyoosha kuelekea mlangoni, na Gaudensia akamsogezea kijiko. Redempta akakisukuma mbali.

Sasa ninyi mliosikia, semeni, maana Melkiades hajafika barabarani, na aliyeko nyuma yake anaweza bado kumwita. Mmoja alichukua, mmoja alinyamaza, mmoja alikataa kukomboa. Je, nani alistahili kukosa kikombe?