Mtu Aliyekamatwa Mara Tatu

Nyamizi alikuwa anapasua kuni, na gogo la mninga lilikuwa limemshinda, Ngasa muuza mkaa alipoingia uani akikokota baiskeli isiyo na mzigo.

"Mkaa wako uko wapi?"

"Nimeutupa. Mama Kulwa, watoto wasishuke bondeni leo. Kuna watu wanachinjwa pale darajani. Mwanamke na mwanamume, wa pikipiki."

"Wanachinjwa au wamechinjwa?"

"Nilipoondoka walikuwa bado wanapiga kelele."

"Na wewe ukaondoka."

"Mimi nina mke."

"Na yule anayechinjwa yuko na wake." Nyamizi akawaambia watoto wajifungie kwa ndani. Akamtuma Ngasa kwa kamanda wa sungusungu, walinzi wa kijiji, kwa kuwa kukimbia alishaonyesha anaweza, kisha akashika njia na shoka lake mkononi.

Aende kwanza. Sisi tuwajue watu wenyewe, maana mwishoni mtaulizwa.

Tusekile alikuwa na jicho. Baba yake aliendesha malori, naye alikulia nyuma ya kioo cha mbele, akajifunza kusoma barabara kama mwingine anavyosoma uso wa mama mkwe. Ambakisye, mumewe, alikuwa na mkono. Ni fundi seremala, na akishika kitu hakiponyoki. Nyamizi mwenyewe alikuwa na mguu. Ni mjane anayefuata mizinga ya nyuki porini, anajua kila njia ya mkato, na hana tabia ya kurudi nyuma.

Mke na mume hao walitoka Tukuyu kwenda Bukoba. Hawakuwa na msiba wala harusi huko, walikuwa wanaenda kuiona nchi tu. Watoto waliachwa kwa bibi. Walikuwa na pikipiki moja, mabegi mawili na mapatano kwamba asubuhi ataendesha mume, mchana mke. Vijiweni walichekwa. "Bwana, umepakiwa," watu walimwambia Ambakisye, naye akajibu, "Tena bila nauli."

Yaliyotokea darajani Nyamizi alisimuliwa baadaye, akiwa anafunga vidonda vyao.

Wanyang'anyi walikuwa wawili, ndugu wa tumbo moja. Asubuhi walimwona mwanamume mrefu ameshika usukani, wakawatangulia darajani, wakafunga waya kati ya miti miwili, usawa wa shingo yake. Mchana usukani ulikuwa kwa Tusekile. Akaona mstari unameta mbele yake. Mteremko ule ulikuwa mkali, breki isingesaidia kitu, kwa hiyo akailaza pikipiki. Wakapita chini ya waya wakiburuzwa, ngozi ya mapaja ikabaki kwenye kokoto. Pikipiki ikateleza peke yake hadi kichakani, ikamgonga Mayunga, mdogo wa wale ndugu, aliyekuwa amechuchumaa na panga. Ikamlalia mguu, ekzosi ikamchoma nyama. Bila pigo lile angewakata kabla hawajainuka.

Mayunga alijichomoa. Akamwendea Tusekile, ambaye alikuwa bado chini, akainua panga. Lilipokuwa linashuka, Ambakisye akalidaka kwa mkono mtupu. Vidole viwili vikaanguka barabarani. Mkono haukuachia. Kwa mkono mwingine alivua kofia ngumu akampiga nayo usoni, akampiga tena, hadi pua ikalala upande na panga likabaki kwake. Kaka mtu alikuwa anapekua mabegi. Alipoona damu ya mdogo wake akakimbia. Kama Ambakisye angeliachia lile panga, Tusekile angezikwa ugenini.

Mayunga naye akachechemea kuingia porini, na hakuna wa kumfukuza, kwa kuwa Ambakisye alikuwa ameanza kuzimia. Lakini njia aliyoshika ndiyo aliyokuwa anashukia Nyamizi. Wakakutana ana kwa ana.

"Mama, nipishe."

"Pita, kama unaweza."

Mayunga alichomoa kisu kiunoni akampasua bega. Nyamizi akageuza shoka, akampiga kwa upande usio na makali chini ya goti. Mfupa ukavunjika kwa sauti. Akamkalia mgongoni, akamfunga mikono kwa kanga. Angempisha, ndugu wale wangejumuika tena, wakarudi kumaliza walichoanza.

Alipoinuka alisikia mtu akiita kutoka ng'ambo ya korongo. Alikuwa yule kaka.

"Mama Kulwa. Nimekuona."

Kabla ya magharibi ua wa Nyamizi ulikuwa umejaa sungusungu, na marungu yao, na tairi moja kuukuu ambalo hakuna aliyesema ni la nini. Mayunga alikuwa ameegemezwa ukutani. Kamanda Kasubi, ambaye aliwahi kuwa rafiki wa marehemu mume wa Nyamizi, alikaa kwenye kigoda.

"Shemeji, utaratibu wa hapa unaujua. Aliyemkamata mwizi ndiye mwenye neno, na neno lake tunalifuata. Huyu nani amemkamata?"

"Mimi," akasema Ambakisye, mkono wake umefungwa kitambaa kilicholowa. "Panga nililichukua mimi. Randa sitashika tena. Mchukueni, yeye na tairi lenu."

"Mimi ndiye niliyemwangusha," akasema Tusekile, akamgeukia mumewe. "Aende polisi, aseme wenzake ni kina nani. Baba Lugano, ukimchoma, mdomo wake nao umeungua."

"Huko polisi atatoka."

"Akitoka atoke. Sitaki kumweleza mwanetu Lugano kwamba tulikwenda kuitembea nchi tukachoma mtu."

Nyamizi alikuwa anageuza ugali kwa mkono mmoja. "Alikuwa anakimbia, mimi nikamsimamisha," akasema. "Ninyi kesho mnapanda pikipiki yenu. Mimi nalala hapa, na kaka yake anaijua nyumba yangu. Mkimchoma, mimi na wanangu tutachomwa. Akienda polisi akatoka, atakuja yeye mwenyewe. Nataka arudi kwa mama yake akiwa hai, na deni la uhai wake kwangu."

"Deni?" Ambakisye akacheka bila furaha. "Mama, huyu amekupasua bega."

"Bega ni langu, mwanangu."

Akapakua. Akahesabu kama anavyohesabu kila jioni: Kulwa, Doto, Shija, wageni wawili, yeye. Kamanda akasema ameshiba. Nyamizi akapakua sahani nyingine, akamfungua Mayunga mikono, akamnawisha, akamwekea sahani mbele yake.

Marungu yakasogea. Kamanda akainua mkono.

"Shemeji, akimeza tonge moja la nyumba hii anakuwa mgeni wako. Simgusi tena, wala simkabidhi kwa mtu."

"Najua."

"Basi asile bado. Kwanza niambiwe ni wa nani."

"Wangu," akasema Ambakisye.

"Sote tumo," akasema Tusekile, akamshika mumewe mkono ule mzima.

Mayunga alikuwa amekwisha kata tonge. Alilishika vidoleni, anamtazama kamanda.

Chakula kimeshapakuliwa. Wote wapo, hakuna aliyepungua. Mmoja alimwangusha, mmoja alimnyang'anya panga, mmoja alimzuia asitoroke, na kamanda anataka neno la mmoja tu.

Ninyi mnaosikiliza, mngempa nani neno hilo?