Friji ya Mama Digidigi

Nitoe nisitoe?
Toa tupokee.
Wa nyuma mmepata mkeka?
Tumepata, tumebanana.
Basi paukwa.
Pakawa.

Hapo kale, lakini si kale sana maana umeme ulikuwepo, Digidigi aliishi na mama yake mzee. Macho ya mama yalianza kuingia ukungu. Daktari Korongo akampa dawa ya matone, akasema, "Ikae kwenye baridi. Ikipata joto itaharibika, na macho nayo yatapofuka."

Mara friji yao ikazima. Pu! Digidigi akaipeleka kwa Fundi Fisi. Chupa ya dawa akaizika kwenye mchanga chini ya mtungi, akawa anaumwagia maji asubuhi na jioni.

"Njoo kesho, dada," alisema Fisi.

Kesho yake Digidigi akaenda, tiki tiki tiki.

"Fundi, tayari?"

"Spea imekwama njiani. Njoo kesho."

Akaenda tena, tiki tiki tiki.

"Fundi, tayari?"

"Mwenzangu kasafiri na bisibisi. Njoo kesho."

Siku zikawa wiki. Jioni moja mama akauliza, "Hapo mlangoni ni wewe, mwanangu, au ni kivuli tu?" Digidigi akamshika mkono, akakaa naye mpaka akalala.

Akaenda tena, tiki tiki tiki. Safari hii akasikia kitu nyuma ya pazia: nguuuuu. Aliijua sauti ile. Ilikuwa friji yao, nzima kabisa, tena inanukia nyama. Kumbe Fisi ameshaitengeneza zamani, anawekea nyama zake!

Agombe? Meno ya Fisi yanavunja mifupa. Digidigi akasema kwa upole, "Fundi, usiharakishe. Leo mjomba ananiletea friji nyingine, kubwa, ya milango miwili. Mbovu nayo. Imejaa nyama ya arusi, na mimi mla majani sijui niifanyeje. Ningekupa wewe, ila naona hapa hapana nafasi."

Fisi akameza mate, gluk.

"Nafasi ipo. Tunaitoa hii yako ndogo."

"Si spea imekwama?"

"Imefika. Imefika sasa hivi, hukuona tu."

Akazila nyama zote kupunguza mzigo, kwacha kwacha kwacha. Akaibeba friji mgongoni, akapanda nayo kilima, akihema njia nzima mpaka kwa Digidigi. Akaiwasha: nguuuuu. Digidigi akaifukua chupa, akaitia kwenye baridi.

"Haya, kubwa iko wapi?" Fisi akauliza.

"Gari limekwama njiani, fundi. Njoo kesho."

Fisi akaja kesho.

"Dada, tayari?"

"Dereva kasafiri na funguo. Njoo kesho."

Akaja tena, na tena. Kila mara alipiga hodi kwa adabu, asije akanyimwa nyama.

Asubuhi moja, matone yakiwa bado baridi machoni, mama akainua uso.

"Mwanangu, nakuona. Mbona umekonda hivyo?" Akampapasa shavu. "Na yule mwenye madoa pale kizingitini ni nani?"

"Mteja, mama," Digidigi akasema. "Anasubiri."

Funzo lake, wanangu: fundi akisema kesho, mwamini, ukakae nyumbani utulie.

Yangu yameisha. Mwenye usingizi afunikwe, mwenye swali alale nalo.