Mwalimu Kanga Agombea Kiti cha Vichakani

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo ni sauti ya watu ambao hawajala. Tena. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Wakubwa wakae, wadogo wakae, na anayetaka kusinzia asilalie bega langu.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na Bunge lao, palikuwa na mwalimu. Mwalimu huyo alikuwa Kanga. Madoa yake yamepangika. Hatua zake zimepangika. Wanafunzi wake wamepangika. Nyinyi mmewaona kanga wanavyotembea, mmoja nyuma ya mwenzake, hakuna anayetoka kwenye mstari. Basi ndivyo alivyofundisha.

Kengele ya shule ilikuwa kipande cha chuma kilichoning'inia kwenye mgunga. Ikilia mara moja, ngeng! wote kitako. Mara mbili, ngeng, ngeng! wote wima. Mara tatu, ngeng, ngeng, ngeng! wote nyumbani, kwa mstari, kimya. Aliyeuliza kwa nini alisimama kwa mguu mmoja mpaka kivuli kihame. Samaki mkunje angali mbichi, alikuwa akisema Mwalimu. Naye aliwakunja kweli. Zaidi ya nusu ya wakazi wa Vichakani walipita mkononi mwake, na wengine walikuwa sasa wana wajukuu.

Kiangazi kimoja, mtoto wa digidigi aitwaye Tunu alianguka darasani. Hakuinuka tena. Kilichomuua ni kiu, na kila mtu alijua kiu ile ilitoka wapi. Dimbwi lilikuwa moja tu. Alfajiri walikunywa nyati na viboko, wakaingia, wakagaagaa, wakatoka. Wadogo walipofika palikuwa na tope. Mwalimu Kanga alimlilia Tunu siku tatu. Nasema alilia, sikusema alijifanya analia.

Sasa sikilizeni Bunge lilivyo. Mwaka uliofuata uliletwa muswada. Muswada ulisema tope lile liwe sheria: wadogo wasikaribie dimbwi mpaka wakubwa watosheke. Mbunge wa Vichakani alikuwa Ngiri. Ngiri si mkubwa sana, lakini wakubwa walimruhusu kugaagaa nao, naye aliona hiyo ni heshima. Akaahidi kuuunga mkono muswada. Watu wa Vichakani walipomwendea alisema mambo ya maji ni mazito, wamwachie yeye.

Uchaguzi ulikuwa umekaribia. Mwalimu Kanga akachukua fomu. Akasema kiangazi kingine kama kile hakitamkuta amekaa.

Kampeni zikaanza. Ngiri alipita na viazi vya mwitu. Alikaa na kila mtu, akala na kila mtu, akawaita wote ndugu yangu. Kanga alipita na maswali ya mtihani. Alisimama mbele ya mkutano, akataka wataje visima vilivyokauka tangu mvua za mwanzo, na waliokosea aliwasahihisha. Kobe alipiga makofi kabla ya wakati, akaambiwa ashushe miguu. Hata hivyo walimpenda. Mtu humpenda mwalimu wake akishatoka shuleni.

Kura zao hazikuwa za karatasi. Anayegombea anasimama, na wanaomtaka wanajipanga nyuma yake. Msimamizi anahesabu vichwa. Ukitoka kwenye mstari kabla ya kuhesabiwa, huna kura. Msimamizi alikuwa Twiga, maana yeye huona mwanzo wa mstari na mwisho wake bila kuhama.

Siku ikafika, watu wakakusanyika kwenye uwanja wa shule. Nyuma ya Ngiri walijipanga nguruwe, ngedere na wote waliokula viazi. Nyuma ya Kanga walijipanga sungura, nguchiro, swala, panya, kwale, digidigi. Mstari ukapita kichuguu cha kwanza, ukapita cha pili. Tena ulikuwa umenyooka, ungeweza kuanikia nguo. Ngiri akatazama, jasho likamtoka. Akamkonyeza wakala wake, Ngedere.

Twiga akaanza na mstari wa Ngiri. Moja, mbili, tatu. Ngedere akateleza pembeni, akaokota jiwe, akapanda mgunga.

Ngeng! Ngeng! Ngeng!

Mstari wa Kanga ukageuka. Wote. Wazee wenye mvi masharubuni wakageuka. Akina mama wakageuka. Hakuna aliyesukumana, hakuna aliyesema neno. Wakaenda nyumbani kwa mstari, kimya, kama walivyofundishwa. Hata Mwalimu mwenyewe aliinua mguu mmoja, akashtuka, akaurudisha chini.

Alibaki Kobe peke yake. Msimsifu. Alikuwa bado anageuka.

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, alisema Ngiri, akacheka mpaka pembe zikagusa ardhi. Akadai atangazwe mshindi. Twiga alisema hakuna sheria inayokataza kugonga chuma. Lakini hakuna pia sheria inayomtangaza mtu mshindi wakati hesabu haijaisha. Uchaguzi urudiwe baada ya siku saba.

Mwalimu Kanga alikwenda akakaa chini ya mgunga. Aliona aibu, akaona hasira, na hakujua amkasirikie nani. Wapo waliomshauri aking'oe kile chuma akakizike. Akasema Ngedere atapata kingine, vyuma havijaisha duniani.

Kesho yake akawaita wanafunzi wake wa zamani, wale wazima wenye nyumba zao, wakae darasani upya. Somo lilikuwa moja. Atagonga, na mtu asiinuke mpaka aulize nani kagonga na kwa nini.

Akagonga. Wote wakainuka.

Siku ya pili akagonga. Wote wakainuka, ila wawili waliosinzia. Siku ya tatu Kanga akapandwa na hasira, akapiga kelele, "Kimya! Ulizeni maswali!" Wakanyamaza vizuri sana. Akaisikia sauti yake mwenyewe, akaketi.

Siku ya tano Nguchiro aliinua mkono.

"Mwalimu, kwa nini tunakaa juani?"

Kanga akatazama jua, akatazama mgunga. Miaka yote darasa lilikuwa juani, na kivuli cha mgunga kilikuwa hatua nne kutoka pale. Wakahamia kivulini. Kuanzia hapo maswali yakatoka kama kumbikumbi baada ya mvua. Kwa nini mguu mmoja? Kwa nini mstari? Siku ya saba Kanga alikuwa amechoka kuliko siku zote za ualimu wake, maana mengi alilazimika kujibu kwamba hajui.

Uchaguzi ukarudiwa. Mistari ikapangwa. Mstari wa Kanga ulipindapinda, wengine wakiongea, na Mwalimu aliuma ulimi asiunyooshe. Ngedere hakujificha hata kidogo. Alipanda mgunga mchana kweupe.

Ngeng! Ngeng! Ngeng!

Mstari ukatikisika. Miguu ikainuka. Wengine wakaondoka, maana mazoea ni ngozi. Lakini katikati Nguchiro akauliza, nani kagonga? Jirani yake akamwuliza jirani yake. Swali likaenda mpaka kichuguu cha kwanza, jibu likarudi: Ngedere. Kwa nini? Ili tuondoke. Basi wakashusha miguu, wakabaki pale pale.

Mistari miwili sasa ilikuwa karibu sawa. Twiga akauliza kama kuna ambaye hajajipanga. Alikuwepo mmoja. Mama Tunu, mama wa yule mtoto, alikuwa amesimama kando, si huku wala si kule. Akasema ana swali kabla hajachagua. Twiga akasema sheria haikatazi.

Mama Tunu akamkabili Kanga.

"Mwalimu, siku ile mwanangu alipoanguka, aliomba ruhusa aende kunywa?"

Mwaka mzima ulikuwa umepita, na watu walikuwa wamesema habari za nyati, za viboko na za Bunge. Hili hakuna aliyewahi kuliuliza. Hata maji ya tope yangemfikisha jioni. Kanga angeweza kusema hakumbuki. Wakala wake, Kwale, alimvuta bawa kumwonya. Kanga alilitoa bawa lake.

"Aliomba," akasema. "Aliomba mara mbili. Nikamwambia angoje kengele."

"Kwa nini?"

"Ndivyo nilivyofundishwa mimi, Mama Tunu. Sikuwahi kuuliza."

Ngiri alimnong'oneza Ngedere, aliyekuwa ameshuka mgungani, kwamba kiti kimerudi nyumbani. Na kweli wawili watatu walitoka kwenye mstari wa Kanga, wakaenda zao, na hakuna wa kuwalaumu. Kanga hakuwaita. Machozi yalikuwa yanamshuka mdomoni, wala hakuyafuta.

Mama Tunu akamgeukia Ngiri. Akamwuliza asubuhi ile alikuwa wapi.

Ngiri akacheka. Alisema mama atulie, ya mwaka jana ni ya mwaka jana, na akina mama wenye uchungu huongozwa na uchungu. Akamnyooshea kiazi. Mama Tunu akakitazama kile kiazi. Tope la dimbwi lilikuwa limekauka kwenye mbavu za Ngiri, jeupe, la asubuhi hiyo hiyo.

Akatembea. Alipita mbele ya Kanga bila kusimama, akaenda mpaka mwisho wa mstari wake, akasimama nyuma ya Kobe. Nyuma yake wakaja digidigi wengine wanne waliokuwa wakimtazama yeye atakwenda wapi.

Kanga akageuka, akapaza sauti amshukuru. Mama Tunu akamkatiza.

"Usinishukuru. Sijakusamehe, Mwalimu. Nimesimama hapa kwa sababu nimeuliza watu wawili, na wewe ndiye uliyenijibu."

Twiga akahesabu. Akarudia kuhesabu. Kanga alimzidi Ngiri kwa vichwa viwili.

Hakuna aliyepiga vigelegele. Watu walitawanyika mmoja mmoja, kila mtu kwa njia yake, na kwa mara ya kwanza Vichakani hapakuwa na mstari wa kwenda nyumbani. Bungeni Mwalimu Kanga aliwauliza nyati mbele ya wote ni nani aliyewapa maji alfajiri, na kwa nini. Nyati hawakuwa wamezoea kuulizwa, na wabunge wengine nao wakaanza kuuliza. Muswada ukaanguka, na Bunge likaamua wadogo watangulie dimbwini. Kiangazi kilichofuata wadogo walikunywa kwanza, wakubwa wakafuata, na dimbwi liliwatosha wote. Mama Tunu alikuwa akienda kunywa na wenzake. Akimkuta Kanga pale, alimwamkia kwa heshima, akanywa, akaondoka. Hakukaa kuzungumza naye, na Kanga hakumwomba akae.

Funzo lake ni hili, na silizungushi. Anayemfundisha mtoto kutii bila kuuliza humlea kwa ajili ya yeyote atakayeshika kengele. Kuuliza si ujinga. Na ukiulizwa wewe, mwalimu au mbunge au mzazi, jibu ukweli, hata kama ukweli huo unakukata wewe mwenyewe.

Hadithi yangu imeishia dimbwini. Mwenye kiu akanywe, hana haja ya kuniomba ruhusa.