Nani Amzike Enos?

Sogeeni karibu. Mwenye usingizi akalale sasa hivi, maana mwisho wa hadithi hii nitawatwisha mzigo, na sitaki mtu aniambie hakusikia.

Huko Marekani, katika karne ya kumi na tisa, palikuwa na mji mdogo ukiitwa Cawley, kando ya mto. Aliishi humo Enos Tuckett, mtu aliyejaliwa vipaji vitatu, wakati sisi wengine tumepewa kimoja, tena kwa kupunjwa. Ujanani alikuwa askari. Alipigana katika vita vya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe, kwenye kikosi cha kujenga madaraja. Alipotoka vitani akawa fundi, na magari ya farasi aliyoyaunda yalidumu kuliko farasi wenyewe. Uzeeni akawa meya, lakini meya wa aina ambayo ninyi hamjaiona: akisema jambo, watu walitenda kwanza, wakauliza baadaye. Mkewe aliitwa Lavinia. Huyo hakuna aliyemhesabia kipaji.

Mwaka mmoja theluji ilipoyeyuka, mto ulifura ukang'oa daraja. Shule ilikuwa ng'ambo, watoto wote wa mji wakiwa ndani yake, na maji yalikuwa yanapanda. Wazazi walishika vichwa.

Enos askari alikumbuka vitani walivyokuwa wakifunga mashua ubavu kwa ubavu, wakatandika mbao juu yake, jeshi zima likavuka. Pale mjini hakuna mwingine aliyejua mashua zifungweje zisisombwe. Akaingia mtoni mwenyewe, maji ya barafu yakimfika kifuani, akawa anakaza kamba.

Enos fundi ndiye aliyetoa mbao. Mbao nzuri zilikuwa karakanani kwake tu, nazo zilikwisha kuwa magari, kazi yake ya majira yote ya baridi. Aliyabomoa bila kuyatazama mara mbili, akachagua kwa mkono ubao unaopinda na kuukataa ule unaovunjika.

Na Enos meya? Wenye mashua walikuwa wamezishikilia, maana ndizo riziki yao. Aliwaomba mara moja, wakazitoa. Kisha daraja lilipokamilika, kina baba na kina mama walitaka kulivamia wote kwa pamoja, na lingezama palepale. Akawaamuru wabaki ukingoni, watoto waje mmoja mmoja. Wakabaki. Hebu jaribuni ninyi kumzuia mzazi mahali kama hapo.

Watoto wote walivuka. Enos akashikwa na kichomi kwa ile baridi, na wiki haikwisha akafa. Mji mzima ulilia, na mimi nikifika hapa huwa nahuzunika kila mara.

Asubuhi ya mazishi wanaume watatu walimjia Lavinia, jeneza likiwa sebuleni. Sheria ilimpa mjane neno la mwisho, kwa hiyo kila mmoja alikuja kumbembeleza.

Wa kwanza alikuwa Kapteni Orrin Beal, aliyepigana pamoja na Enos. "Shemeji," alisema, "tuliapa kule vitani kwamba tutalala pamoja. Aliyewavusha wale watoto ni askari." Makaburi ya askari yalikuwa mbali, safari ya treni, na wake hawakuzikwa humo.

Wa pili alikuwa Gideon Stroud, mkuu wa mafundi wa mji. Yeye aliuliza kwa upole watoto wangekanyaga nini, kamba tupu? Mafundi walikuwa na uwanja wao wa kuzikana, na nafasi moja tu ilikuwa imebaki, ubavuni mwa yule aliyemfundisha Enos kazi.

Wa tatu alikuwa Bwana Whitcomb wa baraza la mji. "Bi Tuckett, kamba na mbao zipo kila mji," alisema. "Mtu wa kusikilizwa ndiye hapatikani." Wao walitaka kumzika uwanjani mbele ya ofisi ya meya, peke yake, chini ya sanamu, watoto aliowaokoa wampite kila siku.

Lavinia aliwasikiliza. Wote walisema kweli, na hilo ndilo lililomuumiza. Katika makaburi yote matatu hapakuwa na nafasi yake. Yeye alitaka Enos alale nyuma ya nyumba, chini ya mitufaha yao, naye aje kulala kando yake siku yake ikifika. Lakini angesema hivyo, si wangemwona mchoyo?

Tena alikuwa na jambo moja wasilolijua. Enos alirudi kutoka vitani akiogopa maji. Daraja moja la mashua lilikatika mbele ya macho yake, likazama na wenzake, na tangu hapo alitetemeka hata mbele ya beseni la kunawia. Lavinia, bibi arusi mpya, akawa anamshika mkono na kumpeleka kwenye kijito kila alfajiri: kwanza vidole, kisha vifundo, kisha magoti. Walimaliza miaka wakifanya hivyo, mpaka akaweza. Enos alimwomba asimwambie mtu, naye hakumwambia mtu. Mimi nilijuaje? Msiniulize.

Wale watatu wakasimama, kofia mkononi. Nje watoto walikuwa wamejipanga kando ya ua, wakimngojea shujaa wao asiyeogopa kitu.

"Shemeji, tunakusikiliza," akasema Kapteni Beal. "Enos ni wa nani?"

Lavinia akafungua mdomo.

Na hapo mimi nafunga wangu. Mwondoe askari, watoto wanazama. Mwondoe fundi, wanazama. Mwondoe meya, wanazama vilevile. Na mwondoe yule mwanamke wa kijitoni, Enos anabaki ukingoni akitetemeka. Haya, wewe uliyekaa hapo: ungekuwa Lavinia, ungempa nani mume wako? Na kama ungemtaka mwenyewe, ungewaambia sababu, siri ya Enos itoke?