Mshindi wa Kulima

Kila msimu Bwana Faki aliwaita wanakijiji wamlimie shamba lake, ambalo mwenyewe hajapata kulikanyaga. Atakayewashinda wenzake kwa kulima, beberu mzima wake! Mwamuzi ni Faki, na mshindi ni Faki huyo huyo. Siwatu akachoka kunusa nyama asiyoila. Msimu huu, kazi ilipokwisha, akamfuata barazani pamoja na wenzake.

“Njoo uamue, bwana.”

Faki akaenda nao, akasimama kando na kulitupia jicho shamba walilomwonyesha. “Nani tena kama si mimi? Limelimwa kwa amri yangu!”

“Lote?”

“Lote!”

“Sisi hatukukusaidia?”

“Hata tuta moja!”

“Mmesikia, jamani?” Siwatu akampigia magoti. “Ahsante kwa kutulimia, bwana. Hili ni shamba letu. Kale beberu wako upate nguvu, maana lako ni lile pale la magugu.”