Kubadhi Lisilo na Kitanzi

Mguu haujaja, ngozi haikatwi.

Methali hii ilianza hivi, na mkinikatiza nitaacha papo hapo nirudi kwenye mchele wangu. Mmenisikia nikimwambia mwanangu, baba yenu mdogo, maneno hayo mchana huu, mkaona uso wake ulivyobadilika, sasa mnataka kujua kama nilimtukana. Sikumtukana. Amenijengea chumba kwake mjini, amekipaka rangi, amenunua kitanda na mapazia, halafu ndiyo kaja kuniambia nihame Jumamosi. Nikamjibu kwa maneno manne tu, akatoka kwenda kukaa kibarazani. Yupo pale mpaka sasa.

Aliyeianzisha methali hii ni baba yangu mzazi, Shekue Hoza, na aliianzisha kwa kosa.

Baba alikuwa karani wa mizani kwenye shamba la mkonge. Alipima marobota ya katani kabla hayajapakiwa kwenye mabehewa, na alikaa kwenye kazi hiyo hata akawa analitazama robota na kutaja uzito wake kabla halijapanda mizani. Mara nyingi hakukosea. Watu walimsifu, na sifa zikamwingia. Nyumbani alitaja uzito wa kila kitu: kuku, ndoo ya maji, hata mashemeji zake.

Jumapili hakuwa na kazi, na karani wa mizani asiye na cha kupima ni msumbufu. Mama yangu, Zaina, akamwomba kwa upole atafute la kufanya nje ya jiko lake. Baba akaangukia bandani kwa Fundi Mbaruku, mshonaji wa makubadhi, vile viatu vya wazi vya ngozi. Hakutaka kuwa fundi. Alitaka kujiburudisha tu, kama wengine wanavyocheza bao.

Fundi alimpa vifaa vyake vya zamani: kisu kifupi cha kukatia, msharasi wa kutobolea, sindano mbili butu, donge la nta na nyundo ya mti. Ngozi nzuri akamkataza kuigusa. Alimpa mabaki akate mistari iliyonyooka mpaka mkono uache kutetemeka. Akamfundisha kukandamiza meno ya uma wa mezani kando ya ukingo ili matundu yalingane. Akamwonyesha kushona kwa uzi mmoja wenye sindano kila ncha, zote mbili zikipita tundu lile lile, moja ikienda na nyingine ikirudi. Akamwonyesha pia kulowesha ngozi kabla ya kuikunja, na kusugua ukingo kwa mfupa mpaka ung'ae. Kitu cha kwanza baba alichokamilisha kilikuwa ala ya kisu, na kisu chenyewe hakikuingia. Mama aliitundika ukutani.

Sasa, fundi yule alikuwa na desturi moja ambayo hakuivunja kwa mtu yeyote. Hakukata kubadhi mpaka mwenye mguu aje, avue, aikanyage ngozi yenyewe, naye achore kwa mkaa kuzunguka wayo. Hakupokea kipimo cha uzi wala kiatu cha zamani. Hata jumbe alipotuma mtu, fundi alimrudisha akamwambie jumbe kwamba mguu wake haujaja.

Wakati huo mimi nilikuwa tumboni, mwezi wa saba. Mama alikuwa na hofu, maana kabla yangu alizaa mtoto akafa siku ya tatu. Alimtaka mama yake, bibi yangu Mwanahawa, aje akae naye mpaka atoke arobaini. Bibi aliishi kijijini, mwendo wa asubuhi nzima. Kila alipoitwa alikuwa na udhuru: mbaazi hazijavunwa, mbuzi anaumwa, mvua. Watu wakasema haji kwa sababu hana viatu, anaona haya kuja peku nyumbani kwa mkwe wake karani.

Baba aliposikia hivyo akafurahi. Dawa si anayo mkononi? Akaamua kumshonea makubadhi, na hakumwambia mama, ili siku mkwewe atakapotokea mlangoni iwe furaha ya ghafla.

Fundi Mbaruku alipomwona ameshika kisu akamuuliza, "Mguu uko wapi?"

"Nimeuona siku ya harusi," baba akasema. "Nauweka inchi tisa na nusu."

"Siku ya harusi ulikuwa unatazama miguu ya mkweo?"

Hapo baba aliona aibu kidogo, kwa kuwa desturi yetu mnaijua. Mkwe wa kike hatazamwi, seuze miguu yake. Ukweli ni kwamba aliona ukingo wa kanga ukipita mbali, basi.

"Jicho langu halijakosea robota, fundi."

"Sawa. Lakini mguu haujaja. Sijui unakata nini."

Baba akacheka, akakata. Alifanya kazi Jumapili tatu, na lazima niseme, yalikuwa makubadhi mazuri. Mishono ilinyooka, ukanda wa juu ulikuwa na nakshi, na mbele kila moja lilikuwa na kitanzi cha kidole gumba, kama makubadhi yote yalivyo. Mjomba Semkiwa, kaka yake mama, alipokuja na mbaazi akapewa ayapeleke kwa bibi, yamefungwa katika karatasi.

Jumamosi iliyofuata mjomba akayarudisha, yamefungwa katika karatasi ile ile. Aliyaweka mkekani mbele ya baba na mama, akatoa ujumbe huku anatazama chini: "Mama anasema, vidole alivyonavyo vinamtosha kutembelea. Haoni haja ya kuja kwa mtu ili akumbushwe alichopoteza."

Baba hakuelewa. Mama alielewa kabla mjomba hajamaliza. Alifungua karatasi, akaona kitanzi, akaanza kulia.

"Mama hana kidole gumba cha mguu wa kushoto," akasema. "Alikatwa na jembe angali mwari. Ndiyo maana havai viatu. Kubadhi halishiki mguuni mwake."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie habari za mwili wa mama yangu? Na wewe, mbona hukuuliza?" Kisha akasema lile lililomlaza baba macho wazi, kama baba mwenyewe alivyonihadithia akiwa mzee: "Yule wa kwanza nilimzaa mama hayupo. Nikamzika mama hayupo. Na kwa huyu, sasa umemfungia mama mlango."

Asubuhi baba akaenda kwa Fundi Mbaruku, akamsimulia yote. Alitegemea kusutwa. Fundi alimkatia kipande cha ngozi cha kutosha, akamtilia mkaa mfukoni, akamwambia, "Kaufuate."

Alifika kijijini saa sita. Bibi alikuwa ndani, na mlangoni palining'inia pazia la kaniki. Mkwe wa kiume haingii mle. Alikaa chini uani, vumbi lote la njia likiwa miguuni mwake, akabisha hodi. 

"Karani," sauti ya bibi ikasema. "Umekuja kupima nini leo?"

"Nimekuja kuomba radhi, mama. Sikujua."

"Si wewe unayejua uzito wa robota kwa kulitazama?"

"Robota halinung'uniki nikikosea, mama. Nimezoea vibaya."

 Baba aliniambia kwamba hapo ndipo alipotaka kuinuka aondoke, kwa vile alilokuwa anataka kusema halisemwi na mkwe. Akamkumbuka mama jinsi alivyolia, akalisema.

"Mama, Zaina anaogopa, anakuhitaji. Mimi nataka kukushonea viatu vitakavyokufikisha. Kwa hiyo naomba mguu."

Akaisukuma ngozi mpaka ikaingia nusu chini ya pazia, akauweka mkaa juu yake, akageuka akalipa pazia mgongo. Alifikiri bibi atajichora mwenyewe. Akasubiri. Akasikia mkeka ukichakacha, akasikia fimbo ikiegemezwa ukutani.

"Geuka," bibi akasema. "Utachoraje na mgongo?"

Baba akageuka. Chini ya pazia ulikuwa umetoka mguu wa kushoto, umesimama katikati ya ngozi, vidole vinne na kovu. Ulikuwa mfupi kuliko alivyodhani, na mpana. Inchi tisa na nusu haikuwapo.

"Hata marehemu mume wangu sikumruhusu autazame mchana," bibi akasema. "Haya. Mguu umekuja. Kata ngozi yako."

Baba akachora kwa mkaa kuzunguka wayo, asiguse kovu. Akachora na wa kulia. Kisha akauliza, na hilo fundi hakuwa amemfundisha, "Panapouma ni wapi, mama?" Bibi akamwambia. Kovu lilikuwa haliwezi kuguswa na ukanda. Na kitanzi asiweke hata mguu wa kulia, bibi asije akaonekana amevaa mawili yasiyofanana.

Akashona yasiyo na kitanzi. Aliweka ukanda mpana nyuma ya kovu na mwingine wa kuzunguka kisigino. Ngozi aliilowesha akaikandamiza ishike umbo la wayo ule ule aliouchora. Safari hii aliyapeleka mwenyewe, na akarudi naye. Bibi alitembea asubuhi nzima kwa miguu yake, na aliingia mtaani kanga yake ameikunja juu kidogo, wenye macho wayaone makubadhi. Nilizaliwa siku kumi na moja baadaye, mikononi mwake.

Fundi Mbaruku alilisimulia jambo hili kwa kila aliyekuja na kipimo cha uzi, ndiyo likaenea, na methali pamoja nalo. Siku hizi huisema hata watu wasiowahi kuona ngozi ikikatwa. Na haisemwi kwa mtu mbaya, sikilizeni vizuri. Baba yangu hakuwa mtu mbaya. Makubadhi yale ya kwanza aliyashona kwa mapenzi matupu, na yalikaribia kumkosesha mke wake mama.

Baba yenu mdogo naye ananipenda, najua. Kitanda alichonunua ni kizuri, kaniletea picha. Lakini mimi nalala chini tangu mgongo uanze kuniuma, na dirisha nalitaka la upande wa makaburi, aliko baba yenu mkubwa, mwanangu niliyemzika. Angeuliza, ningemwambia. Labda ningekubali kwenda, labda nisingekubali. Sijui bado, sijaulizwa.

Haya, mmoja wenu ampelekee chai pale kibarazani. Mwambieni mama yake yupo ndani, na pazia liko wazi. Aje aombe mguu. Mguu haujaja, ngozi haikatwi.